Nanasi Ambalo Sikulionja

Kwetu Burundi mtu hakupi kinywaji hivi hivi. Akikuletea glasi, anapiga funda moja yeye kwanza, wewe ukimwangalia, halafu ndiyo anakukabidhi. Wenye pombe wanafanya hivyo kwa pombe, sisi Waislamu wa mjini tunafanya kwa jusi, kwa chai, wengine hata kwa maji. Hakuna anayesema ni kwa nini, na hakuna asiyejua. Mama yangu alikuwa anachoma brosheti za mbuzi jioni mbele ya nyumba yetu Gitega, na yeye alifanya hata kwa nyama. Anachomoa kipande kimoja kwenye kijiti, anatafuna akikutazama usoni, ndipo anakupa kilichobaki. Wateja walikuwa wanamtania, "Mama we, utatumalizia!" Lakini siku akisahau, mteja alibaki ameshika kijiti mkononi, hali, haondoki, mpaka mama akumbuke.

Kwa hiyo mimi nimekulia kwenye kuonja. Ndiyo maana inaniuma kwamba sahani moja tu ambayo sikuionja maishani mwangu ndiyo ilitaka kunimaliza.

Niliolewa Muyinga mwaka ule watu walipoanza kusema Gitega itakuwa mji mkuu. Mashoga zangu walinicheka: wenzako wanahamia mji mkuu, we unauhama! Nikacheka nao. Mimi shule niliiacha mapema, lakini kuota sikuacha. Nilikuwa na ndoto ya kibanda cha jusi chenye viti vya plastiki vya rangi, kila kiti na rangi ya tunda lake. Ukikaa kiti cha njano nakuletea nanasi bila kukuuliza. Ukikaa cha zambarau, maracuja, yaani pasheni. Mume wangu, fundi cherehani mpole, aliniuliza mtu akibaki amesimama atakunywa nini. Nikamwambia maji. Tulicheka mpaka mama yake akagonga ukuta.

Huyo mama mkwe ndiye mwenye nyumba. Alikuwa mjane, aliishi Tanzania miaka mingi kabla ya kurudi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Mimi na "iko" yangu ya Gitega nilikuwa kama nimeingia na viatu vyenye matope. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu. Dini yake aliishika kwa mikono miwili, na siku moja kabla ya Ramadhani alituita jikoni mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, akasema:

"Katika nyumba hii aliyefunga haonji. Najua wapo wanaosema ncha ya ulimi si kitu. Kwangu ni kitu. Chumvi ikizidi tutakula hivyo hivyo, na ikipungua tutaongeza."

Tukaitikia. Ni kazi ndogo, nilijiambia. Pua yangu inajua chumvi.

Sasa, huyu mama alikuwa na jambo moja la kitoto, na ndilo lililonifanya nimpende. Alipenda nanasi. Alikuwa anasimulia mananasi aliyokula Tanzania alipokuwa msichana, namna maji yalivyokuwa yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko, na anamaliza kwa kusema, "Tangu nirudi sijala nanasi nikashiba." Nililiweka moyoni neno hilo. Nilipokwenda Gitega kumsalimu mama kabla ya mfungo, nikamwambia, mama, nipe mananasi nimpelekee mama mkwe wangu.

Mama alifurahi kuliko mimi. Alimngoja mtu wa Buraza anayeleta mananasi kwa baiskeli, akayashika moja moja, akayapiga kwa kidole na kuyanusa. Ya njano akayaweka pembeni. Akachagua ya kijani, magumu kama mawe.

"Haya ndiyo yatafika," akasema. "Yale ya njano, na hiyo barabara, utamfikishia mwenzangu jusi kwenye gunia."

Ulikuwa upendo, sikuona kitu kingine. Mimi mwenyewe niliyapakata ndani ya teksi mpaka Muyinga, majani yake yakinichoma kidevuni.

Siku ya kwanza ya mfungo, alasiri, nikamenya moja. Lilikuwa bado gumu, lakini harufu ilikuwepo. Gitega tungelitumbukiza kwenye maji ya chumvi kwanza, ndivyo mama anavyofanya. Nikachukua chumvi. Wifi yangu akaniona.

"Chumvi kwenye tunda?" akaangua kicheko. "Nyinyi watu wa Gitega iko na mambo!"

Ile "iko" aliitamka kwa sauti yangu. Nikaona haya, nikairudisha chumvi mahali pake. Nikakata vipande vikubwa, na kile kigogo cha katikati sikukitoa, maana mama mkwe alisema zamani walikuwa hawatupi kitu. Nikapanga kwenye sahani yake ya maua, yake peke yake. Yaliyobaki tungekula siku nyingine. Leo ilikuwa siku yake.

Adhana ikalia. Akala tende, akanywa maji, kisha akavuta sahani. Sijawahi kuona mtu mzima akila vile. Alifumba macho. Kipande baada ya kipande, maji yakimshuka kwenye kiwiko kweli, na mimi nimekaa namtazama, nimesahau uji wangu. Akamaliza yote. Akasema, "Mwanangu, Mungu akujaalie." Nikajiona nimeshafungua kibanda changu, na mteja wa kwanza ameketi kiti cha njano.

Halafu akashika mdomo.

"Mbona unawaka?" Akanywa maji. "Ulimi... kama nimelamba upupu."

Akajifuta kwa ncha ya kanga, na kwenye kanga ikabaki damu. Kidogo tu. Lakini damu kwenye kanga nyeupe, saa ya futari, haina udogo. Wifi akapiga kelele. Midomo ya mama mkwe ikaanza kuvimba huku tunaiona. Kutoka nyumba ya pili akaja baba mdogo wa mume wangu, ambaye tangu kaka yake afariki ndiye msemaji wa ukoo. Hakuuliza mama anajisikiaje. Aliangalia sahani tupu, akauliza:

"Nani ameonja?"

Mume wangu akaangalia mkeka.

"Nauliza, hii kabla ya kumpa, nani ameonja?"

"Hakuna, baba," nikasema. "Mi nilikuwa nimefunga."

"Uliimenya we?"

"Ndiyo."

"Imetoka wapi?"

"Kwa mama yangu. Gitega."

Hata lile neno la Kirundi, uburozi, yaani kulishana sumu, hakulitaja, na wala hapakuwa na haja. Lilikuwa limeshakaa nasi kwenye mkeka.

Kesho yake wakampeleka mama mkwe kituo cha afya. Wakampa dawa ya kusukutua wakasema ni vidonda vya mdomo, foleni ilikuwa ndefu. Jibu hilo halikumsaidia mtu. Kila mtu anajua kwamba sumu ya watu haionekani hospitali. Baba mdogo akaamuru mananasi yote yatupwe chooni, ila moja. Hilo wifi akaliweka juu ya kabati, limefungwa kwenye mfuko, likawa ushahidi. Nikifagia, lilikuwa linanitazama kwa macho yake yote.

Sikuruhusiwa kupika tena. Nikishika sufuria, wifi ananipokonya taratibu, kama unavyompokonya mtoto kisu. Nikichota maji, wanachota mengine. Watoto wa jirani niliokuwa nawapa mabaki ya kalimati wakaitwa na mama zao kutoka mbali. Mama mkwe alikuwa amelala ameelekea ukutani, hawezi kumeza ila maziwa baridi, na hasemi. Hicho ndicho kilichoniua zaidi. Angenitukana ningejua pa kushika.

Mume wangu nilimuuliza, "We unaamini?"

"Mi siamini," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini ungeonja tu, jamani."

"Mama alikataza! Ulikuwa hapo!"

"Najua. Sasa nani atamwambia mgonjwa kwamba kosa ni la amri yake?"

Alikuwa na haki. Hata mimi nisingeweza.

Baba mdogo akatoa neno: Ijumaa tutafuturu wote pamoja, na kama mkaza mwana hana maelezo, Jumamosi atapanda gari arudi kwao. Nilifikiri hilo ndilo baya kuliko yote, mpaka mama yangu aliponipigia simu.

"Mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya uchangamfu ule wa kujilazimisha, ninaoujua kwa sababu na mimi ninao. "Jana brosheti zimebaki."

"Zimebaki ngapi?"

"Zote."

Mfanyabiashara mmoja alikuwa ametoka Muyinga. Maneno yalisafiri naye, na yalifika mazima kuliko mananasi.

"Nimeonja mbele yao," mama akasema. "Nimeonja kila kijiti. Nimekula mpaka nimeshiba, mwanangu. Wananiangalia tu. Wanasema, mama, leo hatuna njaa."

Nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Mama hakuwa na kitu kingine duniani ila ile mbabula yake ya makaa na imani ya watu kwamba mkono wake ni safi. Wadogo zangu wawili wanakula pale. Nikirudishwa, nitarudi na jina hilo, nitalala nalo kwenye chumba kimoja na mama, na hakuna Mwislamu wala Mkristo wa Gitega atakayenunua nyama kwa mama wa mlisha sumu. Wadogo zangu atawaoa nani? Nililia mpaka kanga ikalowa, na mimi si mtu wa kulia, mimi hata msibani watu hunikonyeza niache kuchekesha.

Katika kujifuta machozi nikahisi vidole vyangu vinakwaruza uso. Nikavitazama. Ncha za vidole, zile zilizoshika nanasi, ngozi ilikuwa inabanduka. Nyembamba, kama ganda la kitunguu.

Nikavitazama muda mrefu. Nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nakijua tangu utoto bila kujua kwamba nakijua. Mama akipata mbuzi mzee, mwenye nyama ya kutafuna mpaka kesho, alikuwa anakamulia maji ya nanasi juu ya nyama kabla ya kuichoma. Kidogo tu, na si kwa muda mrefu. Siku moja mdogo wangu aliisahau nyama ndani ya maji ya nanasi usiku kucha, asubuhi tukaikuta imekuwa kama uji, haishiki kijiti. Mama alimchapa akisema, "Nanasi linakula nyama! Hujui?"

Na ulimi ni nini kama si nyama?

Nikamwambia mume wangu, akasisimka, akaniambia sema Ijumaa. Ijumaa nikasema. Tulikuwa tumekaa wote kuzunguka sinia, adhana bado kidogo, mama mkwe ameegeshwa kwenye mto. Nikaeleza habari ya mbuzi, na ya vidole. Kwamba nanasi lile lilikuwa halijaiva na bichi ni kali zaidi, kwamba chumvi inalipoza, kwamba mama mkwe alikula peke yake sahani nzima pamoja na kigogo, tumbo tupu, mdomo mkavu wa siku nzima, fizi zilizochubuliwa na mswaki wa mti. Niliongea haraka mno. Nilijisikia nilivyokuwa naongea, kama mtu anayeuza.

"Bon," akasema baba mdogo. "Kwa hiyo mke wa marehemu kaka yangu ni mbuzi mzee."

Wifi akacheka kwa puani. Nikataka ardhi ipasuke.

"Si hivyo, baba..."

"Wote tumekula mananasi. Mi nimekula mananasi kabla hujazaliwa. Yanawasha, ndiyo, kidogo. Damu, hapana."

Hapo adhana ikaanza. Mikono yote ikaelekea tende. Na mimi, sijui nani aliniinua, nikasimama, nikaenda kwenye kabati, nikashusha ule mfuko. Nikarudi na kisu, nikakaa palepale mbele yao, nikalimenya. Kwa nje lilikuwa limeanza kuwa njano lakini ndani lilikuwa bado jeupe.

"Acha ushahidi!" wifi akasema.

"Ndiyo nautoa huo ushahidi," nikasema. Nikasema bismillahi, nikafungua saumu yangu kwa lile nanasi.

Kipande cha kwanza kilikuwa kichungu kidogo, basi. Nikaogopa. Niliogopa kitu cha ajabu: kwamba halitaniuma. Kila mtu huogopa kuumia, mimi nilikuwa natafuna huku namwomba Mungu liniume. Nikala kingine, na kingine, na kigogo chote, nikikisugua kwenye ulimi. Hakuna aliyegusa futari. Mume wangu akasema taratibu, "Inatosha," sikumsikiliza. Kisha mwasho ukaanza kwenye pembe za mdomo, kama sisimizi. Ukaingia chini ya ulimi. Ukawa moto. Machozi yakanitoka yenyewe na bado nilikuwa nakula, mpaka likabaki ganda.

"Anajifanya," wifi akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Njoo hapa," mama mkwe akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu siku ile. Nikasogea kwa magoti. Akachukua simu ya mwanawe, akawasha taa.

"Toa ulimi."

Nikautoa. Akautazama kama anavyotazama mchele akichagua mawe. Akapitisha ncha ya kanga yake juu ya ulimi wangu, polepole, akaigeuza kwenye mwanga. Wote tukaiona ile alama nyekundu. Akaukunja ule upande wa kanga ndani ya kiganja chake.

"Ulimi wake ni wangu," akasema.

"Shemeji," baba mdogo akaanza, "mtu anaweza pia..."

"Uliuliza nani ameonja," akamkatiza. Maneno yalikuwa yanatoka kwa shida kwenye midomo ile. "Hukuuliza nani aliyekataza kuonja. Ni mimi. Nimelala na hilo siku zote hizi, nikasubiri mtu mwingine aliseme. Mtoto huyu amekula sumu mbele yenu kuliko kulisema."

Baba mdogo akavuta bakuli la uji. "Tule basi," akasema, "inapoa." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya radhi, na sijapata mengine mpaka leo.

Baadaye sana dada mmoja wa kituo cha afya aliniambia kwamba si maji tu yanayokula nyama, ndani ya nanasi kuna pia vijisindano ambavyo jicho haliwezi kuviona, vinachoma kwanza, halafu yale maji yanaingia kwenye matundu. Nikamwambia, dada, ungetuambia siku ile. Akasema siku ile hakuna aliyemwambia mgonjwa alikula nini. Ni kweli, waliona aibu.

Lakini usiku ule sikuwa na raha. Mimi nilikuwa nimepona, ila Gitega hakuna aliyeuona ulimi wangu. Mama alikuwa bado anachoma na kula mwenyewe. Nilimweleza mama mkwe asubuhi, nikinong'ona kwa sababu ya vidonda, wote wawili tukinong'ona kama wezi. Akasikiliza. Akaingia chumbani. Alipotoka, Jumamosi hiyo hiyo niliyokuwa nirudishwe, alikuwa amevaa baibui mpya na kiatu chake cha sherehe.

"Twende," akasema. "Gari limeshaandaliwa."

Tulifika Gitega jua linaelekea kuzama. Mama alikuwa anapepea makaa mbele ya nyumba, vijiti vimepangwa, na ng'ambo ya barabara wateja wake wa zamani wamekaa kwenye benchi la fundi baiskeli, hawana njaa. Alipotuona alisimama na ule upepeo mkononi, akageuka rangi. Alidhani nimerudishwa.

Mama mkwe hakumsalimu kwa sauti ndogo. Aliita salamu ambayo iliwageuza watu wa ng'ambo. Akasema yeye ni mama mkwe wa binti wa nyumba hii, ametoka Muyinga amefunga, na atafuturu hapa. Akavuta kigoda akakaa karibu na mbabula, barabarani kabisa. Tukangoja adhana hivyo, wanawake watatu na moshi. Watu wakaanza kusimama.

Adhana ilipolia, mama akachukua brosheti iliyoiva. Kwa mazoea ya miaka yake yote akachomoa kipande cha kwanza, akawa anakipeleka mdomoni mwake.

"Usionje," mama mkwe akasema.

"Mwenzangu?"

"Nipe hivyo hivyo."

Mama akamtazama, akanitazama. Kisha akampa. Mama mkwe akauma, na nyama ile ilikuwa na pilipili, na mimi peke yangu pale ndiye niliyejua mdomo wake ulikuwa katika hali gani, maana wangu ulikuwa vilevile. Alitafuna taratibu, machozi yakimtoka, akisema kwa sauti, "Tamu. Mashallah, tamu."

Mama alibaki amesimama, kile kipande kimoja bado kati ya vidole vyake, hajui akipeleke wapi.